Swali la Kumi na Moja

Waraka kutoka makao makuu ulifika Mtwara Jumatatu.
Mwisho wa kutuma maombi: Ijumaa iliyopita.
Niliugonga mhuri, "Umepokelewa",
nikaulaza juu ya wenzake wa miaka minne.

Ofisi ya Ushirikiano wa Kimataifa, tawi la kusini, ni mimi:
meza moja, feni ya mapanga mawili kati ya matatu,
na ramani ya dunia ambayo mchwa wameanza kuila
kuanzia Australia.

Somoe Chilumba hakuuliza mwisho ulikuwa lini.
Aliingia viatu mkononi, tope la Kitaya miguuni,
akaomba fomu.
Akaomba na kalamu.

Swali la kumi na moja: *Umewahi kuishi au kufanya kazi ng'ambo? Eleza.*
Akaandika: Ndiyo. Kila Alhamisi.
Navuka Ruvuma na mama, tunauza chumvi na madaftari.
Bibi amezikwa huko. Nikipiga chafya ng'ambo,
nyumbani wananiambia afya.

Nikamwambia, binti, hawakukusudia hiyo.
Akaniuliza, ng'ambo yao inaanzia wapi?
Nikaigeukia ramani.
Sikupata pa kuweka kidole.

Usiku ule nilifikiria gunia.
Kila msimu, mnada ukishafungwa, linapanda meli pale bandarini
na ganda lake, na vumbi lake la Tandahimba.
Halina pasipoti. Halina barua ya mdhamini.
Hakuna aliyelipima lugha.
Vietnam wanalipokea kwa mizani na risiti,
wanalibangua, wanaivalisha korosho kopo,
nayo inarudi dukani kwetu kama mgeni,
na mkulima anaisoma bei mara mbili
kisha anairudisha kwenye rafu, taratibu,
asije akaivunja.

Basi nikaandika barua. Mimi,
wa miaka kumi na tisa ya "rejea kichwa cha habari hapo juu",
safari hii sikurejea kitu.
Korosho zetu zimekwenda nje kuliko watoto wetu, niliandika.
Kila tawi lipewe tarehe yake, na nauli ya kufuatia pasipoti.
Na muhula wa huko uhesabike huku,
mtoto asirudi akaambiwa aanze mwaka upya
kana kwamba alikuwa amelala.

Mwezi wa tatu walinijibu, mstari mmoja na nusu:
Nafasi moja. Ya majaribio. Isiwe mazoea.

Somoe aliondoka na begi la shangazi yake.
Ming'oko aliyofungiwa na mama iliishia uwanja wa ndege,
kwa ofisa aliyeinusa, akaiogopa.

Kisha kimya. Kisha, saa tisa usiku, picha:
sakafu ya kiwanda huko Binh Duong,
gunia tupu, mhuri wa chama chetu cha msingi,
wino umebaki nusu.
"Mjomba, hili la kwetu. Nimelinusa, lina salfa.
Mwalimu kauliza linatoka wapi,
nikasimama mbele dakika arobaini.
Miaka yote hii wanabangua,
hakuna hata mmoja aliyewahi kuona mkorosho ukichanua."

Sikulala tena.

Muhula huu wametuletea wa kwao, anaitwa Tuan.
Kapanga Chuno. Vidole vimembabuka kwa mafuta ya maganda;
tulimwonya kuhusu kukaanga, hakusikia.
Ming'oko anaiita "minyoko",
na watoto wa mtaa wanamsahihisha
hata akiwa bafuni.

Fomu mpya zimekuja, na swali lao lile lile.
Kabla ya kutoa nakala nalipaka wino mweupe,
naandika kwa mkono wangu, herufi zikipanda mlima:
*Kwako ng'ambo ni wapi? Nani yuko huko?*
Siku moja wataligundua. Na waligundue.

Nafasi bado ni moja.
Foleni imetoka mlangoni, imepita bomba la maji, imefika getini.
Waraka unasema mwisho ni Ijumaa,
na leo, Mungu ni shahidi,
ni Jumatano.